Sanduku la viatu la babu: kusoma karatasi za askari wa Kiitaliano wa Marekani

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Babu tunayemzungumzia leo yumo katika nyumba nyingi za New Jersey, Brooklyn, Philadelphia na Boston. Mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, kapigana Vita vya Pili vya Dunia, karudi, kanyamaza. Sasa ni marehemu. Wajukuu wanataka kumkumbuka inavyopasa, na walichoachiwa ni sanduku la viatu lenye picha tatu, nishani moja na karatasi iliyokunjwa mara nne.

BAKARI: Na hadithi, dada Neema. Kila ukoo una ile ya "jina letu lilibadilishwa Ellis Island," kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji.

NEEMA: Tuanzie hapo, maana hiyo imewapotezea watu miaka. Karani wa Ellis Island hakuwa na kazi ya kuwapa watu majina. Orodha ya abiria ilijazwa na kampuni ya meli huko huko ilikong'oa nanga, Napoli, Palermo au Genoa. Abiria alipofika mbele ya mkaguzi, orodha ilikuwa tayari mezani, yule anahakiki tu. Jina lilikatwa baadaye: shuleni, kiwandani, au siku ya kuomba uraia. Kwa hiyo babu aliyekufa akiitwa Ross, mtafute baba yake melini kwa jina la Rossi.

BAKARI: Na mke?

NEEMA: Mke mtafute kwa jina la baba yake. Wanawake wa Kiitaliano walisafiri na majina ya kwao, watoto wakaandikwa kwa jina la baba yao. Kwenye orodha utamwona mama ana jina moja, watoto wanne chini yake wana jingine. Mjukuu wa Kimarekani anaona hao si wake, anafunga ukurasa. Mswahili hawezi kuona ajabu hapo.

BAKARI: Kosa jingine ni kuchapisha nusu ya orodha. Kuanzia mwaka 1907 orodha ikawa ndefu, inashika kurasa mbili, kushoto na kulia. Watu wanapata jina upande wa kushoto, wanafurahi, wanaondoka. Kumbe upande wa kulia ndiko kuna anwani ya mtu aliyekuwa akimfuata Marekani, kimo chake, na mji aliozaliwa. Bila jina la mji, nyaraka za Italia huna pa kuanzia, kwa sababu zinapangwa kwa mji na mkoa.

NEEMA: Ukilipata, tafuta pia orodha za wanaume waliotakiwa jeshini, Waitaliano wanaita *leva*. Zilitengenezwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na aliyekuwa ameshahamia Amerika naye aliandikwa. Zinakaa kwenye hifadhi ya serikali ya mkoa. Baba yake babu unaweza kumkuta humo.

BAKARI: Turudi kwa babu mwenyewe. Watu wanauliza kwa nini hakusema kitu.

NEEMA: Sababu za kunyamaza ni nyingi, na nyingine ni za vita venyewe. Ila kuna moja ambayo wajukuu wengi hawaijui. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, Waitaliano waliokuwa hawajapata uraia waliitwa wageni adui. Walikuwa kama 600,000. Walitakiwa kubeba kitabu chenye picha na alama ya kidole. Redio za masafa mafupi na kamera wakazisalimisha. Kule California, karibu na bahari, wengine walihamishwa nyumba zao. Baba yake Joe DiMaggio, yule nyota wa besiboli, alikuwa mvuvi San Francisco, akazuiwa kufika bandari ya wavuvi ambako mashua yake ilikuwa. Mwanawe akaingia jeshini Februari 1943.

BAKARI: Hiyo hadhi ya adui ilifutwa lini?

NEEMA: Tarehe 12 Oktoba 1942, sikukuu ya Columbus, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle alipotangaza kwamba imefutwa. Kwa hiyo kijana aliyeitwa jeshini mapema mwaka 1942 huenda alikuwa kambini akijifunza bunduki huku mama yake akiwa na kitabu cha adui jikoni. Na mara nyingi ni mama, kwa sababu baba aliomba uraia kazini, mama hakujua Kiingereza cha kutosha kwa mtihani. Zamani mume akipata uraia, mke alipata naye. Sheria ya Septemba 1922 ikaliondoa hilo.

BAKARI: Hilo lina faida ya kikatili kwa mtafiti. Kila mgeni wa miaka 14 na kuendelea alisajiliwa kuanzia Agosti 1940, kwenye fomu inayoitwa AR-2. Ina tarehe ya kufika, jina la meli, kazi. Zinashikwa na idara ya uhamiaji, na ina mpango maalumu wa kuziuza nakala kwa watafiti wa nasaba. Kama bibi mkuu hakuwa raia mwaka 1940, fomu yake ilijazwa.

NEEMA: Msikilizaji wa Kenya akisikia Waitaliano na vita hivyo anakumbuka lile kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Hao walikuwa askari wa Mussolini. Wa leo wamevaa sare ya upande wa pili, ingawa pengine babu zao walitoka kijiji kimoja.

BAKARI: Haya, jeshi lenyewe. Na tuseme habari mbaya kwanza.

NEEMA: Moto. Tarehe 12 Julai 1973, jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri, liliungua ghorofa ya juu. Kati ya majalada milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 ya majalada yamekwenda. Hakukuwa na nakala, wala faharasa ya kujua nini kilikuwemo.

BAKARI: Lakini majalada ya Jeshi la Wanamaji na ya Marine, wale askari wa kushambulia kutoka baharini, hayakuguswa. Ndiyo maana swali la kwanza ni babu alivaa sare gani. Angalia vifungo kwenye picha, angalia kofia.

NEEMA: Na usikubali "iliungua" kama jibu la mwisho. Asilimia 20 haikuungua, na baadhi ya majalada yaliokolewa yakiwa yamebabuka kingo. Jaza fomu SF-180, ile ya kuomba kumbukumbu za jeshi, weka sahihi na tarehe. Andika majina yote aliyotumia: Antonio, Anthony, Tony. Jeshi liliandika moja tu kati ya hayo, nawe hujui lipi. Weka namba ya jeshi kama unayo, na andika wazi kwamba unataka jalada zima. Usipoandika hivyo, utaletewa hati ya kuachishwa peke yake.

BAKARI: Mjukuu anaruhusiwa?

NEEMA: Hapo wengi wanakwama bure. Kwa sheria, jamaa wa karibu ni mjane asiyeolewa tena, mzazi, mtoto, ndugu. Mjukuu hayumo. Ila miaka 62 ikipita tangu askari aachishwe, jalada linakuwa la umma, yeyote analiomba. Babu aliyeachishwa mwaka 1945 alishavuka zamani. Unalipa ada: dola 25 kwa kurasa tano au pungufu, dola 70 kwa sita na zaidi.

BAKARI: Na kama limeungua kweli, kuna mlango wa nyuma. Askari waliporudi waliambiwa wakasajili hati zao kwenye ofisi ya kaunti, ili zisipotee. Wengi walifanya hivyo. Nenda kwenye kaunti aliyokuwa akiishi mwaka 1945 au 1946, hata kama alihama baadaye. Kama alikaa Pennsylvania, angalia pia maombi ya fidia ya maveterani kwenye hifadhi ya jimbo. St. Louis kwenyewe kuna hati za malipo ya mwisho, hazikuungua zote.

NEEMA: Sasa kaka Bakari, ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Tuifungue.

BAKARI: Fomu WD AGO 53-55. Ndiyo hati ya kuachishwa ya wakati ule. DD 214 inayotajwa siku hizi ilianza mwaka 1950. Juu kuna namba ya jeshi. Ikianza na 3, babu aliitwa kwa lazima. Ikianza na 1, alijitolea. Tarakimu ya pili ni eneo: 32 ni New York, New Jersey au Delaware, 33 ni upande wa Pennsylvania, 31 ni New England. Hadithi ya ukoo ikisema "alikimbilia kujitolea" na namba inaanza na 32, basi huenda posta ndiyo iliyomletea barua.

NEEMA: Kisanduku cha 6.

BAKARI: Mtego mkubwa kuliko yote. Kisanduku cha 6 kinaandika kikosi chake, na watu wanakipeleka moja kwa moja kwenye taazia na jiwe la kaburi. Kikosi hicho ni alichorudi nacho. Mei 1945 jeshi lilianza kuhesabu alama: moja kwa kila mwezi wa utumishi, moja zaidi kwa kila mwezi ng'ambo, tano kwa kila nishani au nyota ya kampeni, yaani ya kuwemo katika operesheni fulani ya vita, 12 kwa kila mtoto, mwisho watoto watatu. Mwenye 85 anarudi nyumbani. Basi wenye alama nyingi waliondolewa vikosi vyao wakakusanywa kwenye vikosi vinavyopanda meli. Babu anaweza kuwa alipigana miaka miwili na divisheni moja, akaandikwa nyingine aliyokaa nayo wiki kadhaa.

NEEMA: Kwa hiyo ukweli unaupata wapi?

BAKARI: Unasoma visanduku kwa pamoja. Cha 30 ni kazi: 745 ni askari wa bunduki, 060 ni mpishi. Cha 32 ni kampeni. Cha 36 ni tarehe za kuondoka na kufika ng'ambo. Chukua mfano: kampeni inasema Naples-Foggia, ukoo unasema alitua Salerno, Italia, na jeshi lililovamia kutoka baharini. Kutua Salerno kulikuwa tarehe 9 Septemba 1943. Ukitazama cha 36, amefika Italia Novemba. Kampeni ya Naples-Foggia iliendelea hadi Januari 1944, kwa hiyo nyota ni halali, ila Salerno hakuwepo. Na nyota hutolewa kwa eneo zima. Mpishi wa nyuma anaipata pia.

NEEMA: Hapo ndipo zinapofaa ripoti za asubuhi. Kila kombania iliandika kila siku nani kaja, nani kahamishwa, nani kapelekwa hospitali. Ziko St. Louis. Lakini unahitaji jina la kombania na tarehe. Ukienda na jina la divisheni tu, utakuwa unatafuta mtu mmoja kati ya watu kama 14,000.

BAKARI: Na zile hadithi za "alipigana ubavuni mwa Basilone"?

NEEMA: John Basilone, mtoto wa fundi cherehani, kakulia Raritan, New Jersey, Nishani ya Heshima kwa Guadalcanal mwaka 1942, kauawa Iwo Jima tarehe 19 Februari 1945. Mji wake unamfanyia gwaride kila Septemba. Alikuwa Marine, Pasifiki. Karatasi ya babu ikisema Jeshi la Nchi Kavu, Italia, basi hawakupigana pamoja. Pengine walikuwa mtaa mmoja, na hilo lenyewe linatosha kusimuliwa.

BAKARI: Kabla hatujafunga karatasi, kisanduku cha 31. Ukiona ameandikiwa beji ya mpiganaji wa miguu, na aliipata kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, anastahili pia nishani ya Nyota ya Shaba. Utaratibu huo ulikuja mwaka 1947, wakati wengi walishavua sare, na ulitaka mtu aombe. Babu aliyekuwa hataki kuzungumza vita hakuomba.

NEEMA: Kuna pia bendera ya mazishi. Serikali inatoa moja kwa kila veterani, kwa fomu 27-2008, ikipotea hairudishwi. Ni ya pamba, mita moja na nusu kwa karibu mita tatu, si ya kupepea nje, mvua itaiharibu. Wajukuu wakiigombania, ombeni cheti cha rais cha kumbukumbu, fomu 40-0247. Hicho kinatolewa nakala zaidi ya moja.

BAKARI: Na bendera ikishafunguliwa, watu wanashindwa kuikunja tena.

NEEMA: Wawe wawili, wameivuta ikaze. Mnaikunja kwa urefu, sehemu ya mistari ikija juu ya buluu. Mnaikunja kwa urefu tena, safari hii buluu inabaki nje, sasa upana ni kama sentimita 38. Halafu pembetatu, mkianzia ncha ya mistari kuelekea kwenye nyota, na kipande kinachobaki kinachomekwa ndani. Mwisho wekundu usionekane popote. Ukichungulia, kunjueni mwanzo mpaka mwisho. Kwa kawaida kingo hazikulingana kwenye mkunjo wa pili.

BAKARI: Na jiwe la kaburi? Wengine wameshaagiza, kikosi ni kile cha kisanduku cha 6.

NEEMA: Kama fundi hajaanza kuchonga, wampigie simu leo.