Pedali Ikiwa Ngumu, Acha Masta Silinda
(Mhadhara kwa madereva na mafundi wa pikapu, Uyole, Mbeya)

Shikamooni wazee. Vijana, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini, na aliyenipa ananifahamu vizuri, ndiyo maana amekaa mbele kabisa na saa mkononi.

Sitawaeleza breki ni nini. Mliokuja kutoka Mbalizi mmepita mteremko wa Iwambi asubuhi hii, mnajua. Nimekuja na jambo moja, lile lile la mwaka jana na la mwaka juzi. Pedali ikiwa ngumu, usifungue masta silinda, ile inayosukumwa na pedali ili ipeleke mafuta ya breki magurudumuni.

Mnacheka. Anayecheka zaidi pale nyuma namjua, na masta silinda aliyoifungua bila sababu naijua, na mwenye gari naye namjua.

Sikilizeni. Pedali hulalamika kwa namna mbili. Ya kwanza inakuwa laini. Unakanyaga inazama hadi chini, ukiipampu inapanda. Hiyo ni kesi ya mafuta ya breki: kuna hewa ndani ya mabomba, kuna sehemu inavuja, au raba za masta zimechoka. Hapo fungua masta, nakuruhusu. Ya pili inakuwa ngumu. Unakanyaga kama umekanyaga jiwe la Mto Kiwira, unasimama nayo kwa miguu miwili na gari linakwenda tu. Hapo mafuta yako mahali pake na yanafanya kazi yake. Aliyetoroka kazini mara nyingi ni busta, lile kopo la duara linaloongezea mguu wako nguvu. Na busta hatoroki bure; mara nyingi amenyimwa vakyumu, yaani ile nafasi iliyonyonywa hewa.

Sasa kuna Hilux moja, ya injini ya dizeli ya 3L, inabeba viazi kutoka Kikondo. Mwenye gari ni mama, mfanyabiashara, mtu wa maneno machache. Gari lake asubuhi breki tamu kabisa. Linapakia Kikondo, linashuka, likikaribia Isyonje pedali inakuwa ngumu. Dereva anashuka na gia ya kwanza mpaka lami, anapumzika, anakunywa chai, anawasha tena, breki zimerudi. Wakasema ni mapepo ya mlimani. Msicheke, kuna mtu alilipwa kwa ajili ya hayo mapepo.

Fundi wa kwanza akabadili masta silinda. Ngumu. Fundi wa pili akaleta busta ya mtumba kutoka Tunduma. Ngumu. Fundi wa tatu akasema pampu ya vakyumu imekufa, na kwa kuwa imebandikwa nyuma ya altaneta, ile ya kuchaji betri, nunua altaneta nzima. Hapo mama akasema ngoja kwanza, akaniletea mimi. Ilikuwa mwezi wa 6, saa moja asubuhi, baridi mnaijua wenyewe.

Nikafanya vipimo vitatu, vile ambavyo havihitaji hata spana. Cha kwanza: injini imezimwa, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, shikilia hapo hapo, halafu washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta imepata vakyumu na inafanya kazi. Ikashuka. Cha pili: acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, kisha kanyaga polepole. Ya kwanza iende chini, ya pili ipungue, ya tatu ipungue zaidi. Maana yake vakyumu imehifadhiwa, haijavuja. Ikawa hivyo. Cha tatu: injini inawaka, kanyaga, shikilia, zima, hesabu sekunde thelathini. Pedali isipande kusukuma mguu. Haikupanda.

Nikamwambia, "Mama, gari lako ni zima." Akaniangalia. Akasema, "Fundi, nimeshatoa laki saba. Kama gari ni zima, basi mgonjwa ni mimi."

Nikaona aibu. Ikabidi nipande nao hadi Kikondo, nikakaa juu ya viazi wakati wa kushuka, kwa sababu mbele kulikuwa na mama na mwanawe. Tulipokaribia Isyonje dereva akapiga honi mara mbili, ndiyo ishara tuliyopatana. Tukasimama kwenye kituta. Nikasema usizime. Nikafungua boneti, nikapapasa hosipaipu inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye busta. Imebapa! Imelala kama utumbo wa ng'ombe buchani. Nikamwambia dereva azime, nikalegeza klipu, ikajijaza upepo, ikawa duara tena, nzuri, haina hata ufa.

Mmeelewa kilichotokea? Kabla ya mafundi hao watatu, kuna mtu aliikata hosipaipu ya zamani kwa haraka, akaweka kipande cha hosipaipu ya maji, ile ya kumwagilia bustani. Hosipaipu ya maji imetengenezwa kuzuia presha ya ndani isitoke nje. Ya vakyumu inapambana na kitu kingine kabisa, hewa ya nje inayoiminya, kwa hiyo ukuta wake ni mnene na una nyuzi ndani. Asubuhi ya baridi ile ya bustani ilikuwa ngumu kama fimbo, ikapita vipimo vyangu vyote. Injini ikichemka kwa saa moja mlimani inalainika, vakyumu inaivuta, inabapa, njia inafungwa. Busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, basi. Akinywa chai, inapoa, inafunguka. Mapepo yameondoka.

Hosipaipu halisi tuliyoweka ilikuwa na bei ndogo kuliko chai na chapati tulizokula Isyonje siku ile, na tulikuwa watu wanne. Kwa hiyo kosa la kwanza ni la yule aliyekata hosipaipu. Kosa la pili ni langu mimi, kupima gari la ugonjwa wa joto likiwa baridi. Tangu siku hiyo gari linalolalamika likiwa la moto nalipima likiwa la moto, hata kama itabidi nikae juu ya viazi.

Sasa najua kuna mtu anajiuliza, mbona gari la petroli halina pampu na busta yake inafanya kazi? Swali zuri, na kutojua jibu lake kumeua magari mengi. Injini ya petroli ina mlango kwenye njia ya hewa, unaofunguka unapokanyaga mafuta. Ukiachia, mlango unajifunga, injini inavuta hewa isiyopatikana, na hapo nyuma ya mlango ndipo vakyumu inazaliwa. Bure. Dizeli hizi zetu za zamani, 2L, 3L, 5L, hazina mlango huo. Zinapumua kifua wazi, zinapunguza mafuta tu. Ndiyo maana zikapewa pampu, na Toyota wakaibandika nyuma ya altaneta. Kwa hiyo ukimwona fundi anatoboa manifoldi, bomba la kuingizia hewa, ya dizeli ili achomeke hosipaipu ya busta, mnyang'anye drili. Na ukimwona mwingine amefunga altaneta ya injini ya petroli kwenye 3L kwa sababu ilikuwa rahisi, muulize pampu iko wapi. Nimekutana na gari hilo Mwanjelwa. Lilikuwa linachaji vizuri sana.

Ngoja, hili la mwinuko lazima niliseme, dakika zitapungua lakini nitalisema. Mwaka fulani alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, kijana msafi, ana geji ya vakyumu nzuri. Akapima Hilux tatu hapa Mbeya, zote zikasoma inchi 22 za zebaki. Akasema pampu zote tatu zimechoka, kwao zinasoma 26, 27. Wenye magari wakaanza kutafuta pesa.

Vakyumu haina nguvu yake yenyewe. Anayesukuma breki ni hewa ya nje; vakyumu inamwachia nafasi tu. Dar hewa ya nje ina uzito wa karibu inchi 30. Ukipanda mita 300, inapungua kama inchi moja. Mbeya tuko karibu mita 1,700, kwa hiyo hewa yetu yote, ukiizoa yote, haifiki inchi 25. Njombe inapungua tena. Kitulo, mita 2,600 hivi, usiniulize. Kwa hiyo pampu inayosoma 22 hapa ni ile ile iliyosoma 27 pale Dar, haijaugua, imepanda mlima tu. Geji ikisoma 15 hapa, hapo tuzungumze.

Lakini msifurahi haraka. Pampu ni nzima, ila nguvu kweli imepungua. Chukueni sahani ya busta yenye kipenyo cha sentimita 23. Kwa hesabu ya haraka, Dar inaweza kusukuma kama kilo 380. Lumbesa tatu za viazi zinasukuma breki yako. Hapa Mbeya ni kama kilo 310, lumbesa mbili na nusu. Nusu lumbesa imebaki pwani. Na huku ndiko kwenye milima! Dereva anayetoka Dar akiona breki zimekuwa nzito kidogo baada ya mlima Kitonga, asikimbilie gereji. Apunguze mwendo mapema.

Ananionyesha saa. Dakika ngapi? Sita. Haya, haraka haraka.

Feni belti. Ikilegea, altaneta inazunguka kivivu na pampu nayo. Taa ya chaji ikiwaka na pedali ikiwa nzito kwa wakati mmoja, kaza belti kwanza kabla hujaita mtu.

Valvu ya njia moja, ile ya kwenye hosipaipu au kwenye busta yenyewe. Itoe, vuta kwa mdomo upande wa pampu, hewa ipite, puliza, isipite. Ikipita pande zote mbili ni takataka.

Mlio wa "ssss" miguuni ukikanyaga pedali: raba ya ndani ya busta imepasuka. Hapo busta imekufa kweli, nakubali. Lakini angalia hosipaipu kama ina oili ndani. Pampu hii inalainishwa na oili ya injini, na ikirudisha oili kwenye busta, raba inaoza. Ukibadili busta bila kutibu pampu, utanunua nyingine mwakani.

Taa ya breki kwenye dashibodi. Baadhi ya dizeli inawaka vakyumu ikipungua. Nimeona balbu ngapi zimetolewa kwa sababu "inasumbua macho usiku"? Rudisheni.

Na pedi zilizoungua zikawa kama kioo nazo zinaleta pedali ngumu, sijasahau, kuna mtu angeniuliza nje. Vipimo vitatu vikipita gari likiwa la moto, ndipo ufungue magurudumu.

Frii, yaani kuachia gari lishuke bila injini. Nilitaka kuisema frii kwa nusu saa. Mnaozima injini Kitonga ili kuokoa dizeli: ukizima injini umezima pampu. Una akiba ya kukanyaga mara mbili, labda tatu, na Kitonga ina kona nyingi kuliko hizo. Nyie wawili mliokaa pamoja hapo, baadaye nitawaona.

Ngoma za nyuma tutaacha, amesimama tayari.

Ile Hilux nyeupe hapo nje, yenye turubai la bluu, ya nani? Yako? Injini bado ya moto? Vizuri. Lete ufunguo, twende, na mtu asiguse masta.