Ukungu wa kioo kwenye animesheni ya picha moja moja: dirisha la taksi siku ya mvua

Karibuni, jamani. Kazi ya leo ni dirisha la taksi ya Kampala, yaani basi dogo la abiria kama daladala au matatu, mvua ikinyesha: ukungu umetanda kwa ndani, matone yanateremka, na mwanasesere wetu kakaa nyuma ya kondakta anachungulia nje. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye meza hii.

Mvuke wa birika weka kando kabisa. Tunapiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu, na kati ya picha moja na nyingine unatumia nusu dakika kumsogeza mwanasesere. Mvuke haukusubiri. Ukicheza video, kioo kinapepesa mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tunatengeneza ukungu usiokauka.

Kioo ni cha milimita 2, sentimita 15 kwa 20. Fundi vioo atakukatia kwenye mabaki yake. Perspeksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, siitaki hapa, kwa sababu inavuta vumbi, na spiriti inaweza kuitia nyufa ndogondogo. Halafu Vaseline, poda ya mtoto, gliserini tupu isiyo losheni, sponji ya vipodozi, brashi laini, spiriti, vijiti vya meno, kitambaa cha kufutia miwani, na sindano ya insulini kutoka duka la dawa. Na barakoa. Barakoa usiisahau.

Osha kioo, kausha, zungushia kingo selotepu ya karatasi, kisimamishe mbele ya seti. Kiinamishe nyuzi 5 hivi kamera isijione humo. Fokasi, mwanga na rangi vifunge vyote, usiachie kamera iamue chochote. Taa iwe ya betri, maana umeme wa ukutani ukishuka kidogo tu picha moja inatoka nyeusi kuliko jirani yake. Imulike kutoka nyuma ya kioo, kwa upande. Ukimulika kutoka mbele, ukungu wote unaonekana uchafu.

Sasa ukungu wenyewe. Vaa barakoa kwanza. Pumzi yako ni mvuke wa kweli: ikigusa kioo inaacha doa, unapiga picha, doa linatoweka, na picha inayofuata haifanani. Usipumue kwenye kioo!

Chukua Vaseline kidogo sana, kiasi cha punje mbili za mchele, itandaze kwenye sponji, kisha gongagonga kioo. Usiburute, sponji ikiburutwa inaacha mistari. Mnaona? Bado ni mng'ao wa mafuta tu, haujawa ukungu. Chovya brashi kwenye poda, ikung'ute mpaka uone haina kitu, halafu pitisha juu juu. Weupe huo! Napenda chini uwe mzito kuliko juu. Ukizidisha poda inaganda vipande vipande, na hapo hakuna dawa ila kuosha na kuanza upya.

Matone: gliserini sehemu 3, maji sehemu 1. Gliserini haikauki chini ya taa, ila inanyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo miezi ya mvua, Machi hadi Mei, punguza maji na umalize shoti kwa mkao mmoja, la sivyo matone yananenepa yenyewe. Yaweke kwa sindano. Mwanasesere huyu ana sentimita 25. Tone la milimita 3 mbele ya uso wake ni sawa na tone la sentimita 2 mbele ya uso wako, na hakuna tone la hivyo. Basi mengi yawe nusu milimita, machache yafike milimita 1, na usiyapange safu.

Tone linaloteremka, hapa twende polepole. Likae palepale picha 5. Liongezee gliserini kidogo, linenepe. Kisha lishushe picha kwa picha, milimita 1, 2, 4, linameza jirani yake, linasimama picha 3, linakata kona, linaendelea. Likishuka kwa mwendo mmoja na kwa mstari ulionyooka, mtazamaji anajua ni uongo hata kama hawezi kusema kwa nini. Nyuma yake futa njia kwa kijiti kilichofungwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Njia iwe nyembamba kuliko tone, kwa sababu kwenye kioo kisicho na mafuta gliserini inatambaa na tone linalala bapa. Subiri spiriti ikauke, sekunde 10, ndipo upige.

Ngoja. Turudi picha mbili. Kona ya juu kulia, mnauona ule uzi? Ni wa kitambaa. Usiseme hautaonekana, utaonekana ukiruka. Ung'oe kwa ncha ya sindano, futa picha hizo mbili, piga tena. Na nikiinama hivi kuung'oa, pumzi nimeizuia. Barakoa peke yake haitoshi ukiwa karibu kiasi hiki.

Kama unataka ukungu utande mbele ya macho ya mtazamaji, usijaribu kuongeza Vaseline picha kwa picha, haitalingana. Anza na kioo chenye ukungu mzima, kabla ya kuweka matone, ufute kidogo kidogo kwa picha 24, kisha kwenye programu geuza mpangilio, ya mwisho iwe ya kwanza. Mwanasesere naye umwendeshe kinyume, au asitikisike kabisa. Doa la pumzi linalofifia halihitaji kugeuzwa: futa kutoka ukingoni kwenda katikati, kwani ukingoni ukungu ni mwembamba na ndiko unakoanza kukauka.

Ukimaliza, kioo usikiguse. Cheza shoti yote kwanza, kwenye skrini kubwa, mara kadhaa, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya moto.