Bingwa wa Mita 10,000 Katoka Mji wa Wavuvi: Ujumbe Wangu kwa Mtwara na Lindi

Wazee wangu shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi? Wana kuchele wote wa Mtwara, ndugu zangu wa Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa, karibuni tena.

Leo nipo bandarini. Hizo mnazoziona nyuma yangu ni boti za uvuvi, na makelele hayo ni ya shakwe. Mji huu unaitwa Boulogne-sur-Mer, uko kaskazini kabisa mwa Ufaransa, na kwa uvuvi ndiyo bandari kubwa kuliko zote nchini humu. Ng'ambo ya maji pale ni Uingereza. Mimi naishi Lille, lakini nimepanda treni makusudi nije nizungumze nanyi nikiwa hapa, kwa sababu habari niliyonayo ni ya mtoto wa mji huu, na inawahusu sana watoto wetu wa kusini.

Mtoto huyo ni Jimmy Gressier, kazaliwa hapa mwaka 1997. Tarehe 14 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, alishinda mbio za mita 10,000 kwa wanaume. Kijana wa mji wa wavuvi, anayetoka usawa wa bahari kama sisi, kawapita Waethiopia na Wakenya kwenye mbio ambazo tumezoea kuambiwa ni mali ya watu wa milimani.

Niwasimulie kwanza mbio zenyewe, maana najua wengi hamkuziona.

Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja. Kwenye mashindano ya dunia hakuna wale wakimbiaji wanaolipwa kutangulia ili kuvuta kasi na rekodi ivunjwe. Mnaingia wote, kila mmoja anamwinda mwenzake. Na kukaa mbele ni mzigo, kwa sababu wa mbele ndiye anayekata upepo, wa nyuma anapata nafuu. Sasa usiku ule Tokyo kulikuwa na joto na unyevunyevu, jasho linakutoka hata umesimama. Hakuna aliyetaka kujitoa mhanga. Kundi likabaki kubwa, wamebanana, bega kwa bega, visigino vinakanyagana, mzunguko baada ya mzunguko. Wanasubiriana kama wavuvi wanavyosubiri maji yajae.

Hapa kuna jambo moja ambalo kwenye runinga halionekani. Njia moja ya uwanja ina upana wa mita 1.22. Ukikimbia njia ya pili badala ya ya kwanza, kila mzunguko unaongeza mita saba hivi. Zidisha mara 25: ni kama mita 175. Yaani mtu anayekaa nje ya kundi mbio nzima anakimbia karibu nusu mzunguko zaidi ya wenzake, na hakuna wa kumlipa. Lakini anayekaa ndani kabisa naye ana hatari yake, anaweza kufungiwa, kasi ikianza yeye hana pa kutokea. Kwa hiyo akili inafanya kazi muda wote: unakaa wapi, nyuma ya nani, unatoka lini.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia kundi likiwa bado na watu. Wakaingia mnyoofu wa mwisho, Yomif Kejelcha wa Ethiopia akawa anaelekea kwenye dhahabu. Huyu Kejelcha si mtu wa mchezo, ndiye aliyekimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 30 kule Valencia mwaka 2024. Gressier akachomoka kutoka nyuma, akamkamata, akampita hatua chache kabla ya mstari. Dakika 28, sekunde 55.77. Kejelcha 28:55.83. Wa tatu Andreas Almgren wa Sweden, 28:56.02. Hebu fikirini, kilomita kumi nzima, na kati ya dhahabu na fedha kuna sekunde 0.06.

Kuna watu walilalamika kuwa mbio zilikuwa za polepole. Ni kweli, ukilinganisha na fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, Joshua Cheptegei wa Uganda alishinda kwa 26:43.14, ni tofauti ya zaidi ya dakika mbili. Mimi sikubaliani na lawama hizo hata kidogo. Kwenye ubingwa hushindani na saa, unashindana na watu waliosimama nawe kwenye mstari. Waliotaka mbio za kasi walikuwa na mizunguko 24 ya kuanzisha kasi hiyo. Hawakuanzisha. Basi mwenye mguu wa mwisho kachukua chake kwa haki.

Na huyu Gressier hakuokota bahati. Kwenye fainali hiyo ya Paris alikuwemo. Alimaliza wa 13 kwa 26:58.67, rekodi ya taifa lake. Wa kumi na tatu! Mwaka mmoja baadaye ni bingwa wa dunia. Na wiki ile ile ya Tokyo alirudi uwanjani akachukua shaba ya mita 5,000, nyuma ya Cole Hocker wa Marekani na Isaac Kimeli wa Ubelgiji.

Ili muelewe uzito wake: mashindano ya dunia yalianza mwaka 1983 kule Helsinki, na mita 10,000 akashinda Alberto Cova wa Italia. Baada ya hapo wakaja kina Paul Kipkoech na Moses Tanui wa Kenya, Haile Gebrselassie mara nne mfululizo, Kenenisa Bekele mara nne, Mo Farah wa Uingereza, mzaliwa wa Somalia, mara tatu, Cheptegei mara tatu. Zaidi ya miaka 40 mzaliwa wa Ulaya hajaonekana pale juu. Wenzetu Wakenya wenyewe, pamoja na ubabe wao wote, dhahabu yao ya mwisho ya wanaume kwenye mbio hizi ni ya Charles Kamathi mwaka 2001.

Sasa nije kwetu.

Nimekulia Mtwara nikisikia kauli moja: riadha ni ya Arusha, Manyara na Singida, watu wa pwani pumzi hatuna, sisi wetu ni mpira na ngoma. Inasemwa vijiweni, inasemwa shuleni, na kibaya zaidi inasemwa na walimu mbele ya watoto. Mtoto wa Mikindani anaambiwa kabla hajavaa raba kwamba mwili wake haukuumbwa kwa mbio ndefu.

Sibishi kuhusu milima. Kule juu hewa ni nyepesi, mwili unalazimika kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Ni msaada wa kweli. Lakini milima inafuatwa! Wakimbiaji wa Ulaya wanaotoka mijini kama huu hupanda kambini, wengine Font-Romeu, huku huku Ufaransa, wengine wanafunga safari mpaka Iten, Kenya, takriban mita 2,400 juu ya bahari. Wanakaa wiki kadhaa, wanashuka. Kijana wa Lindi akionekana ana kipaji, kumpeleka Arusha au Mbulu akae kambini ni suala la nauli na mahali pa kulala. Mzungu anavuka bahari kuifuata milima ya Afrika Mashariki, sisi tunayo ndani ya nchi yetu.

Ila huwezi kumpeleka kambini mtoto ambaye hujamwona akikimbia. Hapo ndipo penye tatizo letu.

Na kuna kitu ambacho sisi tunacho bure. Joto. Mtu anayefanya mazoezi kwenye joto, mwili wake unajifunza kutoa jasho mapema, na majimaji ya damu yanaongezeka, moyo unapata nafuu. Huku Ulaya, mashindano yakikaribia kufanyika nchi ya joto, wanariadha wanakaa kwenye vyumba vya moto na mabafu ya maji moto ili miili izoee. Wanalitafuta joto kwa gharama! Wewe wa Shangani au Mitwero unaamka nalo. Tokyo walihofia joto mpaka marathoni zikaanzishwa mapema, saa moja na nusu asubuhi.

Na asubuhi moja kati ya hizo, tarehe 15, siku moja tu baada ya mbio za Gressier, ndiyo ilikuwa ya kwetu. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya wanaume. Kwenu ilikuwa usiku wa manane, najua kuna waliokesha. Alikimbia kwa saa mbili, dakika 9 na sekunde 48, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani muda ule ule, ikabidi picha ya mstarini iamue. Sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia yaanze. Mimi nililia, nasema wazi. Uwanja ule ule, ndani ya saa chini ya ishirini na nne, dhahabu mbili za mbio ndefu zimeamuliwa kwenye hatua za mwisho kabisa, moja ya mji wa wavuvi, nyingine ya Tanzania.

Tena mbio za uwanjani si ngeni kwetu. Suleiman Nyambui alichukua fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter. Yeye ni mtu wa Majita, Mara, kando ya Ziwa Victoria, nako ni kwa wavuvi. Gidamis Shahanga alishinda mita 10,000 kwenye Jumuiya ya Madola, Brisbane, mwaka 1982. Hizi mbio tumewahi kuzishika. Siku hizi vijana wetu wengi wanakimbilia marathoni za barabarani kwa sababu ndiko kwenye fedha, siwalaumu, lakini uwanjani ndiko mtu anajifunza kukaa kwenye kundi na kumaliza kwa kasi. Simbu asingekuwa na mguu wa mwisho, ile dhahabu ingekwenda Ujerumani.

Walimu wangu wa michezo, sasa nazungumza nanyi moja kwa moja. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, zilikuja Mtwara, watoto wetu wakaona wenzao wa mikoa mingine wanavyokimbia. Basi tuanze huko shuleni. Msisubiri uwanja wa kisasa. Kama kiwanja hakitoshi mita 400, pigeni chokaa duara la mita 200, mita 5,000 inakuwa mizunguko 25. Pimeni kwenye mstari ulio sentimita 20 kutoka chokaa ya ndani, hivyo ndivyo njia ya kwanza isiyo na ukingo ulioinuka inavyopimwa. Mwanafunzi mmoja ahesabu mizunguko kwa sauti, mwingine agonge kengele ya shule unapobaki mmoja. Saa ya simu inatosha. Andikeni muda wa kila mtoto kwenye daftari, na mwezi ujao warudie. Daftari hilo ndilo litakalomshawishi kocha wa Arusha, kuliko maneno yangu na yenu.

Vijana mnaokimbia alfajiri barabara ya Mikindani kuja mjini, nawajua, huwa mnanitumia video. Ile njia ni takriban kilomita kumi. Mnaikimbia tayari! Kimbieni kwa kundi, mpishane kukaa mbele, na mita mia nne za mwisho kila mtu atoe alichonacho. Vaeni nguo za kung'aa, malori yale hayana huruma.

Na vyama vyetu vya msingi vya korosho, msimu unaanza Oktoba, minada inafunguliwa. Naomba chama kimoja tu, kimoja, kitenge zawadi ya mita 5,000 ya vijana pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, au Ilulu, Lindi. Baiskeli kwa mshindi, raba kwa watano wa mwanzo. Mimi na wenzangu wa kusini tulioko huku tupo tayari kuchangia raba, tumeshazungumza.

Mwalimu mwenye daftari la muda wa wanafunzi wake, hata kama ni watoto wanne, niandikie hapo chini: shule, wilaya, na muda wa mtoto wako mwenye kasi zaidi kwa mita 5,000. Majina ya watoto msiweke hadharani, nitawatafuta wenyewe. Nitaanza kusoma majibu Jumapili usiku.