Lita Kwanza, Samaki Baadaye

Haya, tukae. Nimeombwa nizungumzie kuzalisha oska, yule samaki wa pambo anayefugwa kwenye tangi la kioo, nyumbani. Walionisikia mara iliyopita wanajua nitaanzia wapi, wanivumilie. Nitaanzia kwenye baridi.

Mnyakyusa akikukuta asubuhi anakuuliza "ugonile?", umelalaje. Mfugaji wa Mbeya, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, amwulize samaki wake hivyo hivyo. Oska asili yake ni Amazon, anataka nyuzi 26 hadi 28. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai kipimajoto kinaweza kushuka chini ya 10. Umeme ukiwepo, hita inakufichia aibu. Ukikatika ndipo utajua kama ulinunua tangi au pambo la sebuleni.

Nilikuwa na matangi mawili chumba kimoja, moja la lita 60, jingine la lita 400. Jozi yangu, dume amefika sentimita 30, ilikuwa imetaga mara mbili na kula mayai mara mbili. Oska wachanga wa ndoa ndivyo walivyo, waachieni wajifunze. Mimi nikajifanya mjanja. Safari ya tatu nikalitoa jiwe na mayai yake, zaidi ya elfu moja, rangi ya asali, yamepangwa kama shanga, nikalitia kwenye tangi dogo. Usiku huohuo saa nne umeme ukakatika. Saa kumi na moja alfajiri nikaamka na tochi. Tangi kubwa lilikuwa na nyuzi 23. Dogo, 20. Pampu ya hewa imezimika, na mama wa kuyapepea mayai kwa mapezi nilishamtenga nayo mwenyewe. Kufika jioni mayai yalikuwa meupe kama chenga za mchele. Kesho yake yameota ukungu, manyoya kama mkate uliosahauliwa kabatini. Mke wangu akauliza, "Hao ndio watoto?" Sikujibu.

Chumba kimoja, baridi ileile. Tofauti ilikuwa lita. Maji yakiwa mengi, kila lita inapata kioo kidogo cha kupotezea joto. Lakini ujue pia upande wa pili: tangi la lita 400 likishapoa, hita ya wati 300 inatumia zaidi ya saa moja na nusu kupandisha nyuzi moja tu. Kwa hiyo usihangaike kumwaga maji ya birika humo. Zuia joto lisitoke. Yale mapande meupe mepesi yanayokuja kwenye katoni la televisheni msiyatupe, yabandikeni nyuma na ubavuni. Juu blanketi, ila acha upenyo. Na pampu ya hewa ya betri.

Najua kuna mtu anawaza, si niingize jiko la mkaa chumbani? Nimeulizwa hivyo kila ninaposimama, na kila mara nachoka. Moshi usiouona unaua watu, sembuse samaki! Na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuipuliza majini. Jiko libaki nje.

Mwingine atasema rafiki yake wa Dar anapandisha hadi nyuzi 30 ili watage haraka. Dar wako usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na kwa joto lilelile maji yetu yanashika oksijeni pungufu karibu moja ya tano. Ukiyapasha zaidi unapunguza tena. Samaki mkubwa atakuja juu kuhema, wewe utadhani ana njaa, umwongezee chakula, uchafue maji. Nimeyaona.

Muda unakwisha, niende haraka. Jozi usinunue. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho mpaka siku ya kutaga, anayekuuzia "jozi" anakuuzia samaki wawili. Nunua wadogo sita, wachaguane wenyewe, ngoja mwaka na zaidi. Vifaranga wakianza kuogelea wape artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyo. Robo ya maji ubadilishe kila wiki. Mengine tutaongea nje.

Ah, na wa Kyela mnaoguna huko: kweli, samaki wa Ziwa Nyasa ni rahisi zaidi kwetu kuwazalisha. Yule anayelala ubavu akijifanya amekufa ili samaki wadogo wamsogelee, jike wake anabeba mayai mdomoni wiki tatu hivi, hahitaji jiwe wala ujanja wangu. Ni ukoo mmoja na perege, na oska pia. Ila oska akikushinda usimpeleke ziwani wala mtoni. Mpe mwenzako, au mkaange.

Mzee wa nyuma amenyoosha mkono tangu tuanze. Shikamoo, karibu. Kama ni la jiko la mkaa, nimeshajibu.