Wanyama Wasiotukimbia: Safari za Meli Katika Visiwa vya Galápagos

Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mnaosomea kuongoza watalii, na ninyi manahodha wa boti za pomboo mliotoka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, alfajiri ili muwe nasi hapa, habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie safari za meli za kuangalia wanyama kwenye visiwa vya volkano. Nitabaki Galápagos, visiwa vya Ekwado vilivyo yapata kilomita 1,000 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini. Kule kuna kitu ambacho sehemu nyingi za dunia kimeshatoweka: mnyama wa porini asiyemwogopa binadamu. Meli ndizo zilizokaribia kukimaliza kitu hicho, na leo meli zinaishi kwa kukionyesha. Nataka tuone walifikaje hapo.

Visiwa vile havikuwahi kushikana na bara. Vilitoka chini ya bahari, mahali ambapo joto la kina cha dunia hupenya na kuwa volkano. Bamba la ardhi la Nazca linasogea kuelekea mashariki juu ya joto hilo, kwa hiyo kisiwa kikizaliwa kinasukumwa polepole upande wa bara, na kingine kinaanza kuinuka nyuma yake. Española, mashariki, ni kikongwe, kimelika hadi kuwa bapa. Fernandina, magharibi kabisa, bado kinatema moto. Volkano yake, La Cumbre, ililipuka Machi 2024.

Kwa kuwa hapakuwa na njia ya nchi kavu, chui hakufika, wala paka, wala mbwa. Walifika wanaoruka, wanaoogelea, na waliobebwa na maji. Vizazi na vizazi vikapita bila mnyama mkubwa wa kuwavizia ardhini, na woga ukawa hauna kazi. Mnandi mnamjua, yule ndege mweusi anayezamia samaki kwenye maziwa yetu. Wa Fernandina na wa magharibi ya kisiwa jirani cha Isabela hawezi tena kuruka. Mabawa yamebaki mafupi, manyoya yamenyambuka, na bado akitoka majini huyatanua juani ayakaushe, kama walivyofanya mababu zake waliokuwa wakiruka.

Safari yenyewe huendaje? Meli nyingi hutembea usiku, abiria wamelala. Asubuhi mnajikuta nanga imetiwa mbele ya mwamba mweusi. Mnashuka kwa boti ndogo, wenyewe huziita panga. Pengine mnatua wakavu juu ya mawe, pengine mnaingia maji ya magoti. Nilipotua Punta Espinoza, kule Fernandina, kwa kitambo nilidhani mawe yanapumua. Walikuwa iguana wa baharini, mamia, wamelaliana, wote wameelekea jua, weusi kama lava waliyoilalia. Ukisikiliza unasikia chafya: wanapiga chafya ya chumvi waliyoimeza wakila mwani chini ya maji, na chumvi hiyo inawakaukia kichwani ikawa kama kofia nyeupe. Sili mmoja alipita katikati ya miguu yetu akaenda kulala. Hakuna aliyetutazama.

Maji yale ni baridi ingawa tuko kwenye ikweta. Mkondo wa Humboldt unatoka kusini, na mkondo mwingine wa chini kwa chini, wa Cromwell, unatoka magharibi, unagonga miguu ya visiwa na kupandisha maji yenye rutuba. Ndiyo maana hata pengwini wapo. El Niño ikija, maji yanapata joto na chakula kinapotea. Ile ya 1982 hadi 1983 iliua pengwini wengi sana. Iguana nao wana maajabu: njaa ikizidi, mwili hupungua urefu, mifupa nayo, kisha hurefuka tena chakula kikirudi.

Sasa meli. Wawindaji wa nyangumi wa karne ya 19 walijua kwamba kobe mkubwa anaweza kukaa miezi mingi tumboni mwa chombo bila chakula wala maji. Wakawapakia hai, kwa maelfu, kama akiba ya nyama. Mwanasayansi Charles Darwin alipofika mwaka 1835 kwa meli ya Beagle, nyama ya kobe ilikuwa kitoweo cha kawaida. Vyombo viliacha pia panya, paka na mbuzi. Kisiwa cha Pinta kilishushiwa mbuzi watatu na wavuvi mwaka 1959, mwaka uleule hifadhi ya taifa ilipoanzishwa. Wakazaana wakawa makumi ya maelfu, wakamaliza majani. Mwaka 1971 alionekana pale kobe dume mmoja, wa mwisho wa aina yake. Alihamishiwa kisiwa cha Santa Cruz, akaishi pale hadi tarehe 24 Juni 2012, bila mrithi. Waliompa jina walimwita George Mpweke. Nikifikiria mbuzi watatu tu wametosha kuleta hayo, huwa nashindwa kuendelea haraka.

Kwa hiyo sheria za leo ni kali, na mimi nasema zina haki kuwa kali. Kila kundi lina mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, wageni wasiozidi 16 kwa mwongozaji mmoja. Unakaa mita mbili kutoka kwa mnyama. Akikusogelea yeye, wewe unasimama. Njia imewekewa alama na huitoki. Meli haibebi watalii zaidi ya 100. Mizigo inakaguliwa ili mbegu na wadudu visivuke.

Sheria ninayotaka manahodha waichukue ni ya ratiba. Ratiba inatolewa na hifadhi, si na mwenye meli: saa hii chombo hiki kiko hapa, na tangu 2012 hakiruhusiwi kurudi kituo kilekile ndani ya siku 14. Nahodha hakimbilii mnyama, kwa sababu hata akikimbia hatapata zaidi ya mwenzake.

Kwetu Kizimkazi mnajua yanayotokea. Pomboo wakionekana, boti zinakatiana njia, injini zinanguruma, wageni wanarushwa majini mbele yao. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao walionyesha kwamba boti zikiwazonga wanapumzika kidogo tu, na muda mwingi wanautumia kwa kusafiri. Siwalaumu manahodha. Anayesubiri kwa adabu leo, mgeni wake haoni kitu, na bakshishi inakwenda kwa aliyekimbia. Mtu mmoja mmoja hawezi kuwa muungwana katika mpango wa namna hiyo. Lazima zamu ziwafunge wote, na msimamizi asiwe na boti yake mwenyewe majini.

Na ada tusiiogope. Tangu Agosti 2024 mtu mzima kutoka nchi nyingi za nje analipa dola 200 kuingia Galápagos, kutoka 100 za awali.

Mwenyekiti, muda umekwisha. Maswali naomba tuanze na manahodha, hasa hili: zamu zikipangwa, mgeni atakayepangiwa saa nne, jua limeshapanda, aambiwe nini kabla hajalipa?