Hilo Mnaloita Ziwa ni Shamba: Kupiga Picha Mashamba ya Zamani ya Kranberi, New Jersey

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele tafadhali, maana leo nitaonyesha picha moja tu, nayo ni ndogo.

Hoja yangu mnaijua, na nitairudia, kwa sababu kila vuli ikifika nafungua simu na kukuta yale yale. Pine Barrens, yale mapori ya misonobari kusini mwa New Jersey, Marekani: ukungu juu ya maji, msonobari mmoja umeinama, na chini yake mtu ameandika: "Pori lisiloguswa na mkono wa mwanadamu." Hapana, ndugu zangu! Pale mliposimama palikatwa mierezi, pakang'olewa visiki, ardhi ikasawazishwa, ikachimbwa mifereji na kuinuliwa matuta. Hata hilo tuta lililowabeba nyie na stendi zenu za kamera, kuna mtu aliujaza udongo wake kwa koleo. Hilo mnaloita ziwa ni shamba la kranberi, lile tunda dogo jekundu, chachu.

Tuanze na lango la maji, kwa sababu ukilielewa lango umelielewa shamba zima. Kwenye tuta huachwa mwanya, na kwenye mwanya hujengwa fremu ya mbao au zege yenye mifuo miwili, mmoja kila upande. Katika mifuo hiyo hutelezeshwa mbao zilizolala, moja juu ya nyingine. Ukiongeza ubao, maji yanapanda. Ukitoa, yanashuka. Kwa mbao hizo mtu mmoja aliweza kuamua kimo cha maji cha ekari nyingi. Sasa piga magoti pale, usogee karibu. Ubao wa chini umekuwa mweusi, wa juu umepauka, na kwenye nguzo pana mstari wa kahawia. Mstari ule ndipo maji yalipozoea kusimama. Piga picha mstari ule! Ukungu utaukuta kesho.

Na lango likifa, kila kitu kinabadilika. Mbao zikioza bila wa kuzibadilisha, maji yanatoroka, udongo unakauka, miti ya maple na misonobari inaingia, na shamba linageuka kichaka. Biva, yule mnyama anayejenga mabwawa, akija akaliziba lango kwa matawi na tope, inakuwa kinyume: maji yanapanda kupita kiasi, mizizi inakosa hewa, miti inakufa wima. Ile miti mikavu myeupe mnayoipenda sana, mara nyingi imeuawa na kimo cha maji. Fuateni tuta, sababu mtaikuta hatua chache tu kutoka mlipopiga.

Najua kuna wa kuniuliza, kwani kranberi si huota majini? Zile picha za wanaume waliozama hadi kiunoni katika matunda mekundu zimewapotosha wengi. Mmea wenyewe hutambaa juu ya mboji na mchanga. Wakati wa baridi kali shamba hujazwa maji ili upepo mkavu usiunyaushe mmea ambao mizizi yake imeganda ardhini, na majira ya kuchipua maji hutolewa. Vuli hujazwa tena kwa ajili ya mavuno, kwa kuwa tunda lina vyumba vinne vya hewa na huelea. Lakini kuvuna majini kulishika kasi miaka ya 1960. Mashamba ya kale mnayotembelea nyie yalivunwa makavu, kwa mikono, baadaye kwa chombo cha mbao chenye meno. Watu walipiga magoti, familia nzima kwa pamoja.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Whitesbog, shamba la Joseph J. White, leo liko ndani ya Msitu wa Jimbo wa Brendan T. Byrne. Septemba 1910 alifika pale Lewis Hine, mpiga picha wa kamati ya kitaifa iliyokuwa ikipinga ajira ya watoto. Wachumaji wengi walikuwa familia za Kiitalia kutoka Philadelphia. Tazameni picha hii ya msichana. Sitasema lolote juu ya sura yake, kwa sababu macho mnayo. Sikilizeni Hine alichoandika chini yake. Ametaja jina la mtoto, mtaa na namba ya nyumba yao, umri miaka 10. Amesema mtoto huyu amefanya kazi majira matatu ya joto, kwamba analea mtoto mchanga na kubeba matunda, karibu lita 18 kwa mkupuo mmoja. Ametaja shamba. Halafu anamalizia kwamba hii ni wiki ya nne ya shule, na watu hawa wanatarajia kubaki wiki mbili zaidi.

Hiyo wiki ya nne ya shule, hakuna lenzi inayoweza kuionyesha. Haimo kwenye mwanga, haimo kwenye uso wa mtoto. Iko kwenye maandishi tu, na ndiyo inayoiuma picha nzima.

Binti wa mwenye shamba, Elizabeth White, alikasirika, akabishana na kamati ile hadharani kwa miaka kadhaa. Simsemi vibaya. Mama huyu, pamoja na mwanabotania Frederick Coville, ndiye aliyeifanya bluberi, tunda dogo la buluu, itoke mwituni na kuwa zao la shambani, wakauza mavuno ya kwanza mwaka 1916, kutoka hapo hapo Whitesbog. Ninachotaka mkione ni kwamba aliweza kubishana kwa sababu palikuwa na cha kubishia: mahali, tarehe, umri. Picha yenye maelezo inaweza kupingwa na kuhakikiwa. Isiyo na maelezo watu huipenda asubuhi, jioni wameisahau.

Kuna kijana huniambia kila tukikutana, "Mzee, picha nzuri inajieleza." Inajieleza nini, mwanangu? Yafunike maneno ya Hine kwa kiganja. Kinachobaki ni msichana na matunda, na mwenye kiwanda angeweza kuibandika kwenye kopo la jemu. Zaidi ya picha 5,000 za kamati ile zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na watu bado wanazitumia, kwa sababu Hine hakuona uvivu kuandika.

Basi nanyi andikeni. Jina la shamba, tarehe, lango liko upande gani, maji yamesimama wapi, mbao zipo au hazipo. Sentensi tatu zinatosha! Mtu akirudi pale baada ya miaka 20 awe na cha kulinganisha.

Muda unanikimbia. Rangi: maji ya kule ni kama chai ya rangi, kwa sababu ya chuma na tanini, ile rangi inayotoka kwenye mimea. Wanaoyageuza buluu wakati wa kuhariri, acheni. Zungusheni filta ya polaraizi hadi mng'ao uondoke, mtaiona mifereji chini, imenyooka. Nilitaka kuzungumzia hifadhi ya Franklin Parker, ekari zaidi ya 9,000, ambako mashamba ya kranberi yamerudishwa kuwa ardhi oevu. Itabidi isubiri. Hifadhi ya Double Trouble pia, yenye kinu chake cha kupasulia mbao.

Mabata-maji wa Aktiki hukaa Whitesbog wakati wa baridi. Bakini juu ya tuta, msiwarushe. Kupe wapo, chomekeni suruali ndani ya soksi na mjikague mkifika nyumbani. Desemba kuna wawindaji wa kulungu, vaeni rangi ya chungwa. Na asiguse mtu mbao za lango ili apate picha safi. Nimeona zimechomolewa, na inaniumiza.

Haya, maswali. Lakini kwanza toeni simu, kila mtu afungue picha ya mwisho aliyopiga kule, aniambie ni shamba gani. Dada, anza wewe.