Mstari wa Kisu na Kovu la Goti

Mabibi na mabwana, jioni hii nitazungumzia jambo ambalo mgonjwa huliona kila anapooga, nalo ni kovu linalobaki baada ya kubadilishiwa goti au nyonga, na namna mahali pa kupitisha kisu panavyoamua sura ya kovu hilo.

Mwaka 1861 Karl Langer, mwanaanatomia wa Vienna, alitoboa ngozi za maiti kwa chombo chenye ncha ya mviringo, akaona kwamba matundu hayakubaki duara bali yalivutwa yakawa marefu, mfano wa tundu la kifungo. Alipoyafuatisha moja baada ya jingine alipata mistari inayoonyesha ngozi ya kila sehemu ya mwili inavutwa kuelekea wapi. Mkato unaoifuata mistari hiyo hupona kwa kovu jembamba, na ule unaoikata hupanuka, kwa kuwa kingo zake hazipumziki.

Sasa tazameni goti. Mbele ya goti mistari hiyo imekingama, ilhali sisi tunapoweka goti bandia huchanja wima, kuanzia juu ya pia ya goti hadi kwenye kinundu cha mfupa wa muundi. Tunaikata mistari ya Langer kwa makusudi, kwa sababu mkato wa wima huweza kurefushwa juu na chini kazi ikiwa ngumu, na huweza kufunguliwa tena endapo kiungo bandia kitahitaji kubadilishwa baada ya miaka. Kovu la hapo huelekea kuwa pana, hasa kwa vile goti lazima likunjwe mapema lisije likakakamaa, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa hayo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Lililo zito zaidi ni damu. Ngozi ya mbele ya goti hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka upande wa ndani, yaani ule unaoelekea goti la pili. Kwa hiyo mpasuaji anapokuta makovu mawili ya wima ya zamani huchagua lile la nje zaidi linalomwezesha kufanya kazi, maana akichanja jipya sambamba na la zamani, ngozi iliyo katikati inaweza kukosa damu ikafa, na chuma kikabaki wazi. Kovu la kukingama halina hatari kama hiyo likivukwa kwa pembe mraba. Na kwa kuwa wengi wetu huku, kabla ya kufika hospitali, tumekwisha kuchanjwa chale za dawa kwenye goti linalouma, mimi huzitazama chale hizo kwa makini: hazizuii upasuaji, lakini zikiwa zimevimba na kuenea nje ya mipaka ya mchanjo, hunidokeza kwamba mwenye ngozi hiyo ni mwepesi wa kuota keloidi.

Kwenye nyonga tuna nafasi zaidi. Anayeingilia kwa mbele anaweza kuulaza mkato kwenye mkunjo wa kinena, ukafuata mistari ya ngozi na kufichwa na nguo ya ndani, ingawa hapo jirani hupita neva ya ngozi ya paja la nje, ambayo ikiguswa huacha ganzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikato mifupi ilisifiwa mno. Sikubaliani na sifa hizo zote, kwani katika tundu dogo vyuma vya kupanulia jeraha huzivuta na kuziponda kingo za ngozi, na kovu fupi likatoka baya kuliko refu lililokatwa kwa utulivu.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hulilalamikia kuliko sura ya kovu. Mkato wa wima wa goti hukata matawi madogo ya neva yanayotoka upande wa ndani, na ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi. Kwa mtu anayesujudu mara tano kwa siku, au anayepiga magoti kanisani, hilo si dogo. Kuusogeza mkato kidogo upande wa nje huweza kupunguza eneo la ganzi. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa ni iwapo hupiga magoti, na wapi.